Mweso: dawa ya kuzuia masasi ni teknolojia ya aina gani?

Huko Mweso neno «chanjo» lina maana mbili. Mama anayembeba mtoto mgongoni kwenda hospitali kuu kwa ajili ya surua anasema anakwenda kumchanjisha. Kijana aliyetoka msituni, akifungua shati na kuonyesha alama ndogo nyeusi kifuani, naye anasema amechanjwa. Vivyo hivyo «dawa ya maji». Kuna ile ambayo mhudumu wa afya anatia ndani ya bidoni kando ya kisima ili kipindupindu kisienee kambini. Kuna na ile ambayo mganga wa kikundi, ambaye vijana wanamwita dokta, anawanyunyizia kabla ya kupanda mlima kwenda vitani, ili masasi ya adui yageuke maji.

Juu ya hiyo ya pili, mazungumzo huisha haraka. Mchungaji anasema ni kazi ya shetani. Mwalimu anasema ni ujinga. Mpiganaji anaapa kwamba ameona kwa macho yake, na hapo kila mtu anarudi kwake na wazo lake. Wakati huo huo vijana wa usultani wa Bashali, wengine hawajaota hata ndevu, wanaendelea kuchanjwa na kutumwa mbele. Basi afadhali dawa ichukuliwe jinsi wenyewe wanavyoieleza: kama teknolojia. Ina vifaa vyake, ina kipimo, ina masharti ya matumizi na ina mafundi. Teknolojia yoyote, iwe pikipiki au bati la nyumba, huulizwa maswali yale yale: inafanya kazi namna gani, inashindwa wapi, na ikishindwa nani analipa.

Kwanza itazamwe inayopambana nayo, kwa sababu risasi nayo ni kemia. Ndani ya ganda la risasi ya Kalashnikov mna baruti ambayo msingi wake ni nyuzi za mmea, mara nyingi pamba, zilizotiwa asidi ya nitriki. Nyuma ya ganda kuna kidonge kidogo kinachowaka kikigongwa. Kidonge kinawasha baruti, baruti inageuka gesi kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na gesi hiyo inasukuma kipande cha chuma chenye gramu karibu 8 kwa mwendo wa mita 700 na zaidi kwa sekunde moja. Ni mara mbili ya mwendo wa sauti. Ndiyo maana anayepigwa kutoka karibu huanguka kabla mlio wa bunduki haujamfikia. Haya yote hayategemei aliyelala na mke wake jana, wala aliyekula nini asubuhi. Baruti ikiwa kavu na bunduki ikiwa nzima, risasi inatoka.

Dawa inatengenezwa kwa maji, majani, mizizi, mafuta, na majivu au unga mweusi unaosuguliwa kwenye chale za wembe. Kila dokta ana siri yake, na siri hiyo ndiyo mali yake. Wengine hulipwa pesa au mbuzi. Lakini mtu akisikiliza vizuri atagundua kwamba sehemu kubwa ya dawa haiko ndani ya chupa. Iko katika masharti. Usiguse mwanamke. Usiibe. Usioge kwa sabuni. Usipeane mkono na asiyechanjwa. Usitazame nyuma. Orodha inabadilika kutoka kikundi hadi kikundi, ila kuna sharti moja ambalo halikosekani sana: usiogope.

Sharti hilo ndilo linalobeba mambo yote. Ernesto Che Guevara, aliyekuja na Wakuba wenzake kando ya ziwa Tanganyika mwaka 1965 kusaidia waasi wa wakati ule, aliliona mapema na kuliandika katika kumbukumbu zake za Kongo. Aliona kwamba aliyekufa au kujeruhiwa huhesabiwa kuwa aliiba, au aligusa mwanamke, au aliogopa. Na kwa sababu hakuna binadamu anayetembea kuelekea bunduki bila kuogopa hata kidogo, hakuna kifo ambacho dawa inaweza kushtakiwa nacho. Kila maiti ina hatia yake tayari. Guevara alikuwa mtu wa vita, hakuja kucheka mila za watu, na jambo hilo lilimpa wasiwasi kwa sababu za vita tu: jeshi linalosadiki hivyo haliwezi kujifunza kutokana na kushindwa kwake.

Vijana wanaocheza michezo ya simu, pale wanaposubiri betri ijae kwenye nyumba zenye paneli za jua, wanaijua teknolojia ya namna hii bila kuiita jina. Katika mchezo, shujaa anakunywa chupa yenye rangi nyekundu na nguvu zake zinarudi. Anakunywa ya buluu na panga halimwingii. Dawa hiyo haikosei hata siku moja, na sababu yake ni rahisi: aliyeandika mchezo aliandika pia panga, akaandika chupa, akaamua kipi kimshinde kingine. Kijana akifa ndani ya simu anaanza tena. Shida ya Masisi ni kwamba dokta ameandika chupa peke yake. Risasi iliandikwa na mtu mwingine, kiwandani, mbali sana, na huyo hakusoma masharti.

Hata hivyo itakuwa uongo kusema kwamba dawa haijafanya kazi kamwe. Mwaka 1964 ilifanya kazi kubwa. Simba walipotoka upande wa Uvira na Kindu wakipiga kelele «Mai Mulele!», wamenyunyiziwa maji na waganga waliokuwa wakiongozwa na mwanamke mzee aliyejulikana kama Mama Onema, mara nyingi askari wa serikali hawakungoja. Walitupa bunduki na kukimbia, kwa sababu nao waliamini kwamba masasi yao yatageuka maji. Mwezi Agosti Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, ilianguka. Wazee waliokuwa vijana wakati ule hawasemi uongo wakieleza kwamba waliona jeshi zima likikimbia watu wenye mikuki.

Ila mwezi huo huo wa Agosti Simba walifika Bukavu. Pale Kanali Léonard Mulamba aliwashikilia askari wake, hawakukimbia, walipiga. Simba walirudishwa nyuma na wengi walikufa. Maji yalikuwa yale yale na vijana walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni kichwa cha aliyeshika bunduki upande wa pili. Hapo ndipo jibu la swali la kwanza lilipo: dawa haigusi risasi, inagusa kidole kinachotaka kuvuta. Kidole hicho kikiogopa, dawa inashinda. Kisipoogopa, hakuna kitu kati ya chuma na mwili.

Bukavu haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1905, kusini mwa Tanzania ya leo, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mtama ili wawashinde Wajerumani waliowalazimisha kulima pamba. (Pamba, ndiyo, mmea ule ule wa baruti.) Wajerumani walimnyonga mwezi Agosti, lakini habari ya maji ilikuwa imekwisha kuenea. Mwisho wa mwezi huo, maelfu ya watu walipanda kuelekea ngome ya Mahenge, na bunduki mbili za mtombo zikawangoja. Waliokufa katika vita vyote vya Maji Maji mpaka 1907, kwa risasi na hasa kwa njaa iliyotengenezwa makusudi kwa kuchoma mashamba, hata hesabu ya Wajerumani wenyewe ilifika 75,000. Wanahistoria wengi wanataja watu 200,000 au zaidi. Na mwaka 1987, Uganda, Alice Lakwena aliwapaka wapiganaji wake mafuta ya shea na kuwapa mawe ambayo yangelipuka kama grenedi. Alikuwa na amri 20. Mojawapo iliwakataza kujificha nyuma ya mti au kichuguu. Walisonga mbele wima, wakiimba, mpaka karibu na Jinja, na huko wakamalizwa. Yeye alikimbilia Kenya, akafa huko kambini mwaka 2007.

Amri hiyo ya kutojificha inastahili kufikiriwa kuliko zote. Mtu asiye na dawa akisikia mlio analala chini. Anatafuta jiwe, anatafuta mfereji. Mwili wenyewe unamfundisha. Aliyechanjwa ameambiwa kwamba kulala chini ni kuogopa, na kuogopa ni kuvunja dawa. Kwa hiyo dawa haiko sifuri, kama wanavyosema wale wanaoidharau tu. Iko chini ya sifuri: inamwondolea kijana kinga ndogo ambayo alizaliwa nayo.

Mbona basi mpiganaji anaapa kwamba ameona? Kwa sababu kweli ameona. Katika vita vya milimani, masasi mengi hayampigi mtu. Yanapigwa kutoka mbali, kwenye ukungu, na watu wasiofundishwa kulenga, wanaomimina sanduku zima kwa dakika chache. Kijana anapita katikati ya mvua hiyo na kutoka mzima, kama wanavyotoka wazima siku ile ile wengi wasiochanjwa, wakiwemo mama waliokuwa wakivuna maharagwe na kukimbia wakiinama. Lakini yule mama hasemi majani ya maharagwe yamemkinga. Kijana anasema ni dawa. Jioni, kwenye moto, wanaotoa ushuhuda ni waliorudi. Kama walikwenda 30 na wamerudi 22, kuna mashahidi 22 wa dawa na hakuna hata mmoja wa kupinga, kwa maana wanane wale hawapo kwenye moto.

Bomu nalo ni jambo jingine. Siku za mwisho za Januari 2024, wakati M23 na upande wa jeshi la FARDC na Wazalendo wakipigania Mweso, mabomu yaliangukia mtaani na kuua raia zaidi ya kumi, na maelfu ya wakaaji walijisukuma ndani ya uwanja wa hospitali wakitafuta usalama. Aliyerusha bomu hakumwona usoni mtu aliyekuwa chini yake. Hakuna kidole cha kutishwa hapo. Dawa iliyotegemea hofu ya adui mwaka 1964 haina cha kufanya mbele ya bomu lililorushwa kutoka kilima cha pili, na bado kidogo mbele ya ndege isiyo na rubani. Hata kwa akili yake yenyewe, teknolojia hii imepitwa na wakati.

Kuna na jambo la masharti ambalo wenye dawa hawapendi kuulizwa. Tangu mauaji ya soko la Ntoto, Walikale, mwezi Machi 1993, na vita vilivyoenea Masisi yote baada yake, vikundi vingi vya vijana vimejiita Mai-Mai na kudai kwamba vinaongozwa na maji hayo. Sharti la maji linakataza kuiba na kugusa mwanamke. Mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti 2010, huko Walikale, watu zaidi ya 380 walibakwa katika vijiji 13 kwa siku nne. Ntabo Ntaberi Sheka, kiongozi wa kikundi kilichojulikana kama Mai-Mai Sheka, alihukumiwa na mahakama ya kijeshi ya Goma kifungo cha maisha mwezi Novemba 2020 kwa makosa yake ya miaka ile. Leo kizuizi kinawekwa kwenye barabara ya Kitshanga, ya Kashuga, ya Pinga. Mama anatoa pesa au mihogo ili apite. Na aliyesimama na bunduki pale, wa upande wowote ule, mara nyingi ana chale kifuani. Kama dawa inavunjika kwa wizi, basi kwa kanuni zake yenyewe imevunjika muda mrefu uliopita. Dokta anayewatuma watu hao mbele akiwahakikishia kwamba ni wazima, hata kama anaamini dawa yake, anawadanganya.

Ndipo ile dawa nyingine ya maji inaweza kufundisha kitu. Klorini nayo haionekani ikishaingia ndani ya bidoni. Nayo ina kipimo, ina masharti na ina fundi wake, kijana mwenye bomba la sindano anayesimama kando ya kisima tangu alfajiri. Wapo waliosema kwamba ni sumu ya wazungu, na harufu yake kwa kweli haipendezi. Lakini mtu akitaka kujua kama inafanya kazi, hahitaji kuamini. Anangoja dakika 30, anachota maji kidogo kwenye kichupa, anatia kidonge, anatazama rangi. Yakigeuka waridi, klorini imebaki na maji yanalinda. Yakikaa meupe, imekwisha, yatiwe tena. Mtu wa mlima, wa Goma, Mkatoliki, Mprotestanti au asiye na dini ataona rangi ile ile.

Na ikishindwa? Mtoto akishikwa na kipindupindu katika kambi yenye klorini, hakuna anayemuuliza mama yake kama aliogopa. Wanauliza kama maji yalikuwa na udongo mwingi, maana udongo unaila klorini. Wanauliza kama unga ulikaa juani ukaharibika, kama bidoni ilikuwa chafu, kama walichota kisima kingine. Wataalamu wake wanasema wazi kwamba kuna vijidudu ambavyo klorini haiviui. Goma inakumbuka bei ya kukosa hiyo kazi: Julai 1994, kati ya wakimbizi waliomwagika kutoka Rwanda, watu karibu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Kila kosa la dawa hii limeandikwa mahali, na kwa sababu limeandikwa, dawa imerekebishwa.

Watakaosema kwamba haya ni maneno ya watu wa mjini wana hoja moja nzito, nayo isipitwe. Vijana wa Mweso hawakuingia msituni kwa sababu ya kupenda maji. Waliona nyumba zikichomwa, mashamba yakichukuliwa, ng'ombe wakipelekwa, na serikali iko mbali. Mji wao umebadilisha mikono zaidi ya mara moja, na kila mwenye kuingia anawauliza walikuwa upande gani. Mtu wa namna hiyo akipewa kitu cha kumfanya asimame, atakipokea. Dawa pia ililetea vikundi fulani nidhamu ambayo hakuna afande aliyeweza kuileta, na kuna vijiji vinavyokumbuka Mai-Mai wa zamani kama watu waliowalinda kweli. Ujasiri huo ni halisi, ni wa vijana wenyewe. Hakuna sababu ya kumpa dokta sifa yake.

Lakini nani anafaidika? Kofia ya chuma ina bei. Fulana ya kuzuia masasi ina bei kubwa zaidi. Kumfundisha mtu mwezi mzima jinsi ya kulala, kutambaa, kufunga jeraha linalotoka damu, kunahitaji chakula, wakati na mkufunzi. Ndoo ya maji na majani ni bure. Mkubwa wa kikundi anayeweza kuwapeleka vijana 50 mbele kwa ndoo moja hana haja ya kutafuta kingine, na wakifa hana maelezo ya kutoa, kwa sababu masharti yamekwisha kumtolea. Wakubwa wa siasa walioko Kinshasa na kwingineko, ambao tangu mwisho wa 2022 wamewasifu vijana hawa kwa jina la Wazalendo, hawajulikani kwa kupeleka watoto wao wenyewe kuchanjwa.

Na kuna watoto. Katika vikundi vingi, kubeba maji na kuyanyunyiza ni kazi ya mtoto, kwa madai kwamba yeye bado ni safi, hajajua mwanamke. Kwa hiyo sharti la usafi, linaloonekana kama jambo la heshima, ndilo linalomtafuta mwana wa miaka 10 au 12 na kumweka mbele ya mstari. Sheria ya Kongo ya Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumwingiza katika kikundi chochote cha silaha mtu asiyetimiza miaka 18, na haikuweka tofauti ya anayebeba bunduki na anayebeba ndoo. Thomas Lubanga wa Ituri alipatikana na hatia La Haye mwaka 2012 kwa kosa hilo la kutumia watoto, akapewa miaka 14.

Hakuna haja ya kuwaambia wazee wa Bashali waache kuheshimu mababu. Haihitajiki hata kuwashinda madokta kwa maneno. Linalowezekana ni dogo na linaweza kuanza katika kila kijiji, upande wowote wa mstari: daftari. Hospitali ya Mweso, hata siku ambazo mabomu yalikuwa yanalia, iliandika jina, umri na jeraha la kila aliyeingia. Wazazi, watu wa parokia, shirika la raia, wanaweza kufanya vivyo hivyo kwa waliochanjwa. Jina, kijiji, dokta aliyemchanja, tarehe aliyoondoka. Na pembeni nafasi moja ya kuandika kama alirudi.

Kisha mama ambaye mwanawe anaitwa kesho aende na daftari hilo kwa dokta, amsalimie kwa heshima inayomfaa mzee, na amwombe wasome pamoja ukurasa baada ya ukurasa, wakihesabu nafasi ambazo hazijajazwa.